Kabla ya Modeli: Historia ya Joto, Mto na Makazi katika Miji ya Kilosa na Mikumi

Katika maandishi ya kitaalamu kuhusu hali ya hewa ya mijini, Kilosa na Mikumi hazionekani. Dar es Salaam na Nairobi zimo, ingawa nazo zilichelewa kuingia. Miji midogo ya bara huachwa kwa dhana kwamba ni vijiji vilivyokua kidogo, na kwamba joto lake ni la jua tu, halikutengenezwa na mtu. Insha hii inaipinga dhana hiyo kwa njia ya historia. Inauliza swali moja kwa ajili ya kazi ambayo kwa kawaida si ya mwanahistoria: mpangamiji anayetaka kutumia modeli ya kompyuta kukadiria joto la Kilosa au Mikumi ataingiza nini ndani yake? Modeli huhitaji kimo cha nyumba, upana wa barabara, aina ya paa na ukuta, eneo lenye kivuli, mwendo wa upepo, na rekodi ya kituo cha hali ya hewa cha kulinganishia. Kila kimojawapo kina mwanzo wake na sababu yake. Hoja ya insha ni kwamba joto la miji hii halikugawanyika sawasawa, na kwamba mgawanyo wake ulifuata mistari iliyochorwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa: reli, malaria, mkonge, mafuriko na barabara kuu.

Ni vema kuanza na maneno. Neno "joto" katika taarifa ya hali ya hewa lina maana ya kile kipimajoto kinachosoma kivulini. Wenyeji wa bonde la Mkondoa, kama Waswahili wengine, wana msamiati mpana zaidi. Iko hari ya jua la mchana. Liko fukuto, ambalo ni joto lililofungiwa pamoja na unyevu, hasa chumbani usiku. Uko mvuke unaopanda baada ya mvua fupi ya kiangazi. Mpangamiji akisema "joto limepanda" na mkazi akisema "kuna fukuto", hawazungumzii kitu kimoja. Cha kwanza hupimwa kwa nyuzi. Cha pili hutegemea upepo, unyevu, paa na dirisha. Tofauti hii itarudi mara kwa mara, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya joto la Kilosa ni historia ya fukuto.

Dhana iliyotoka mbali

Wazo la kisiwa cha joto, yaani eneo la mji lenye joto kuliko mashamba yanayouzunguka, lilizaliwa London. Luke Howard, aliyekuwa mfanyabiashara wa dawa, alichapisha vitabu vyake kuhusu hali ya hewa ya jiji hilo mwaka 1818 na 1820, akaonyesha kwamba usiku mji ulikuwa na joto zaidi ya mashambani ilhali mchana tofauti ilikuwa ndogo. Jambo hilo la usiku ni muhimu. Mawe, matofali na lami hunywa joto la mchana na kulirudisha polepole baada ya jua kuzama. Mashamba hupoa mapema.

Katika karne ya 20 T. R. Oke aliifanya dhana hiyo kuwa fizikia kamili. Mwaka 1973 alichapisha mlinganyo unaohusisha ukubwa wa kisiwa cha joto na idadi ya watu wa mji, kwa usiku usio na mawingu wala upepo. Kwa miji ya Amerika ya Kaskazini tofauti ya juu kabisa ilikuwa 3.06 ikizidishwa kwa logi ya idadi ya watu, kisha ikitolewa 6.79, kwa miji ya Ulaya, 2.01 ikizidishwa kwa logi hiyo hiyo, kisha ikitolewa 4.06. Tuijaribu kwa mji wa watu 25,000. Mlinganyo wa Amerika unatoa nyuzi 6.7 hivi, ule wa Ulaya nyuzi 4.8. Mtu yeyote aliyelala Kilosa atashuku kwamba mji wa nyumba za ghorofa moja, wenye miembe na migomba uani, unaweza kuuzidi uwanda unaouzunguka kwa nyuzi karibu saba. Na mashaka hayo yana msingi. Oke mwenyewe alitumia data za Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na mapitio ya Matthias Roth ya mwaka 2007 yalibainisha kwamba miji ya tropiki kwa jumla ina visiwa vya joto vidogo kuliko miji ya wastani wa tabianchi yenye idadi sawa ya watu. Unyevu wa udongo mashambani hubadilika na misimu, hivyo hata upande wa pili wa mizani haukai mahali pamoja.

Inafaa kusema wazi kwamba kosa halimo katika mlinganyo. Limo katika kuuazima bila kuuliza ulipimwa wapi. Mwaka 2012 Oke pamoja na Iain Stewart walipendekeza njia nyingine: kuacha neno "mji" na neno "shamba" na badala yake kuainisha maeneo kwa umbo lake. Orodha yao ina aina 10 za maeneo yaliyojengwa na 7 za maeneo yasiyojengwa. Mojawapo ni makazi ya nyumba fupi zilizosongamana, zenye paa jepesi la bati au nyasi juu ya ardhi iliyokanyagwa. Kwa mara ya kwanza uswahilini ukapata nafasi katika jedwali la kimataifa la hali ya hewa. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwa nini nafasi hiyo inahitajika: vipimo vilivyochukuliwa Kibera, Mathare na Mukuru vilikuwa juu ya vile vya kituo rasmi cha Dagoretti. Huku Dar es Salaam, Ndetto na Matzarakis walionyesha mwaka 2013 jinsi umbo la mitaa na kimo cha majengo linavyobadilisha joto ambalo mpita njia analihisi mwilini. Kazi zote hizi ni za miji mikubwa. Zinapopelekwa Kilosa zinahitaji kitu ambacho hazikubeba, nacho ni maelezo ya jinsi mji mdogo ulivyopata umbo lake.

Mji wa reli kando ya mto

Bonde la Mkondoa lilikuwa njia kabla halijawa mji. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka uwanda wa Makata na kupanda kuelekea Ugogo kwa kufuata mto. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871, katika masika, Makata ilikuwa imegeuka dimbwi, na maelezo yake ya matope na homa yalisomwa sana Ulaya. Taarifa hiyo iliwafikishia wasomaji wengi jambo ambalo bonde hili lingewafundisha tena watawala wawili waliofuata: maji ya Mkondoa hutoka mbali, katika nchi kavu ya Mpwapwa na milima ya Rubeho na Ukaguru, nayo hufika uwandani kwa ghafla.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Kilosa katika miaka ya mwanzo ya utawala wao. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mhandisi wa reli hutafuta mteremko mdogo. Bonde la mto ndilo lililoupa reli mteremko huo, na stesheni ikawekwa kwenye ardhi tambarare karibu na maji. Mji wa biashara ukaifuata stesheni. Hapa ndipo uamuzi wa kwanza wa hali ya hewa ya Kilosa ulipofanyika, ingawa hakuna aliyekuwa akifikiria hali ya hewa: watu wengi wangeishi chini, mahali ambapo hewa ya usiku hutuama na maji hufika, kwa sababu injini ya mvuke haipendi mlima.

Kilimo kikubwa kilifuata. Heinrich Otto, mwenye viwanda vya nguo kutoka Württemberg, alifungua shamba kubwa la pamba Kilosa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Thaddeus Sunseri ameandika kuhusu vibarua wa mashamba hayo kwa undani, na hakuna haja ya kurudia hapa. Kwa madhumuni yetu itoshe kukumbuka kwamba kulima pamba, na baadaye mkonge uliotawala Kimamba na Rudewa enzi za Waingereza, kulimaanisha kuondoa miti kwenye maelfu ya ekari upande ambao upepo wa kusi na kaskazi huingilia mjini. Mkonge ni mmea wa nchi kavu usiotoa mvuke mwingi mchana. Mwanamitindo anayechora "shamba" kama eneo baridi la kulinganisha na mji atakosea iwapo shamba lenyewe ni mkonge uliopaliwa mistarini.

Waingereza waliiteka Kilosa Agosti 1916. Walirithi mji wenye sehemu zilizokwisha kutengana, na utengano huo walikuwa na nadharia yake. Dar es Salaam, kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 zilikwisha kugawa mji kwa aina ya nyumba: sehemu moja ya majengo ya Kizungu, nyingine ya majengo ya kudumu, na ya tatu ambako kibanda cha udongo kiliruhusiwa. Waingereza waliongeza hoja ya afya. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa Afrika Mashariki kabla tu ya vita, alipendekeza makazi ya rangi mbalimbali yatenganishwe kwa uwanda usiojengwa, ili mbu anayebeba malaria asiruke kutoka kibanda cha Mwafrika hadi nyumba ya Mzungu. Dar es Salaam ilipata uwanda wa Mnazi Mmoja. Miji midogo ilipata nakala hafifu ya mpango huo huo: boma na nyumba za maofisa penye mwinuko na nafasi, maduka ya Wahindi mbele ya stesheni, na mtaa wa Waafrika ulipobaki.

Kwa hali ya hewa, matokeo ya mpango huo ni ya kushangaza kidogo. Nadharia ya Simpson kuhusu mbu imekwisha kuachwa, lakini uwanda aliousababisha umebaki na unafanya kazi asiyoikusudia: hupitisha upepo na hupoa mapema usiku. Aliyejengewa penye mwinuko, kiwanja kikubwa, veranda pande zote na dari ndefu, alipata hali ya hewa tofauti na aliyeko chini ndani ya mji huo huo. Baada ya uhuru rangi iliondolewa katika sheria, lakini umbo halikuondoka. Viwanja viliitwa vya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa, na mtu yeyote anayezijua Uzunguni, Uhindini na Uswahilini za mji wowote wa Tanzania anaweza kuviwekea majina ya zamani bila ramani. Leo mwanamitindo anayepakua picha ya setilaiti na kuitenga Kilosa katika maeneo yenye nyumba chache na maeneo yenye nyumba nyingi anadhani anachora maumbile ya mji. Anachora upya kanuni ya ujenzi.

Paa

Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu cha kuandikia historia ya joto la miji hii, ningechagua paa la bati. Paa la nyasi au makuti ni nene, limejaa hewa iliyotuama kati ya majani, na halipitishi joto upesi. Ndani ya nyumba ya udongo yenye paa hilo, adhuhuri hupita bila mtu kuhisi uzito wa jua. Bati ni jembamba. Likiwa jipya huakisi sehemu ya mwanga, lakini halitoi joto lake kwa urahisi kama nyuso nyingine zinavyotoa. Likichakaa na kupata kutu, hunywa zaidi. Kufikia saa nane mchana upande wake wa chini huwa kama kaango juu ya vichwa vya waliomo, na bila dari joto hilo hushuka moja kwa moja.

Na bado watu walilitaka, na walikuwa na haki. Nyasi huvuja, huwaka moto, hukaa panya na nyoka, na huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, kazi inayozidi kuwa ngumu kadiri nyasi nzuri zinavyopatikana mbali. Bati hudumu na hukinga maji ya mvua safi ya kunywa. Katika mitaa ya katikati ya miji, kanuni za moto za kikoloni zilikwisha kulifanya bati kuwa alama ya nyumba halali. Kambi za mkonge zilikuwa shule nyingine: manamba walioletwa kutoka mbali, hasa baada ya chama cha wenye mashamba kuunda ofisi ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, walikaa kwenye safu za vyumba vilivyopangwa kwa hesabu ya kazi. Baada ya uhuru kampeni za nyumba bora na uhamisho wa vijijini wa miaka ya 1973 hadi 1976 ziliendeleza wazo hilo hilo, kwamba maendeleo yanaonekana kwanza juu ya paa. Mwanahistoria anayelaumu bati akiwa amekaa ofisini chini ya dari ya jasi na feni anapaswa kujitazama.

Kilichopotea si nyasi zenyewe bali mfumo uliokwenda nazo. Nyumba ya zamani ilikuwa na baraza, upenu mrefu, na ua ambamo kazi nyingi za mchana zilifanyika chini ya mti. Nyumba ya matofali ya saruji yenye madirisha madogo, yaliyowekwa nondo kwa hofu ya wezi na wavu kwa hofu ya mbu, hukusanya joto ukutani mchana kutwa. Usiku bati hupoa haraka kwa kutupa joto lake angani, jambo ambalo ni la faida, lakini ukuta unaendelea kulitoa ndani ya chumba kilichofungwa. Hilo ndilo fukuto. Kwa hiyo katika Kilosa inawezekana kabisa kipimajoto cha nje kisionyeshe kisiwa chochote cha joto usiku, huku ndani ya kila nyumba kuna kisiwa kidogo. Modeli nyingi za mji, zikiwemo zile zinazounganishwa na programu ya WRF, zinashughulika na mtaa kama korongo kati ya kuta mbili ndefu. Kilosa haina makorongo. Ina vyumba.

Tofali la kuchoma, ambalo wajenzi wengi hulipendelea kwa bei na uimara, lina deni lake. Tanuri hula kuni. Mkaa wa Dar es Salaam nao umetoka kwa miaka mingi katika misitu ya miombo ya wilaya hii, kiasi kwamba mradi wa kuhifadhi misitu chini ya mpango wa REDD ulioendeshwa na TFCG pamoja na MJUMITA ulianzia hapa mwaka 2009, ukafuatwa na jaribio la mkaa endelevu. Jiji linalopikia mkaa wa Kilosa linapunguza kivuli na unyevu wa vilima vya Kilosa, na vilima hivyo ndivyo vinavyopokea mvua ya Mkondoa.

Tuta na baada ya tuta

Mafuriko yana tarehe, joto halina. Ndiyo maana mipango ya Kilosa imeandikwa kwa lugha ya maji. Tuta lilijengwa enzi za ukoloni kuzuia mto usiingie mjini na kulinda reli, na huko juu, Kidete, likawekwa bwawa la kupunguza nguvu ya maji. Tuta hufanya kazi mbili. Huzuia mto, na huwaambia watu kwamba wanaweza kujenga. Mtaa ulisogea hadi miguuni mwake.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua kubwa katika Mpwapwa na Kilosa ziliivunja ahadi hiyo. Mkondoa ulipasua tuta, maelfu ya watu walipoteza makazi katika siku chache, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ilikatwa vibaya hata usafiri wa treni ukasimama mwanzoni mwa 2010. Serikali iliweka kambi, na wengine waliishi katika mahema na mabanda ya muda kwa muda mrefu kabla ya kupata viwanja penye mwinuko.

Uamuzi wa kuwahamisha ulikuwa sahihi. Hakuna modeli ya joto inayoweza kumshauri mtu arudi chini ya tuta bovu. Lakini uamuzi huo ulikuwa pia uamuzi wa hali ya hewa, na haukujadiliwa hivyo. Kando ya mto kuna udongo wenye unyevu, migomba, miembe iliyokomaa, na hewa inayopozwa na mvukizo. Kiwanja kipya ni ardhi iliyosafishwa kwa greda. Hema na banda la bati juu ya ardhi tupu ndiyo makazi yenye joto kali kuliko yote niliyoyataja katika insha hii, na waliowekwa humo walikuwa wale waliokuwa wamepoteza kila kitu. Mwembe unahitaji muongo mzima na zaidi kabla haujatoa kivuli cha kukaa familia. Katika hesabu za fidia na misaada, nyumba, mazao na mifugo huwa na nafasi. Kivuli hakina safu yake. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1956, inampa mpangamiji mamlaka ya kutenga maeneo ya wazi. Mamlaka ya kutenga eneo si sawa na miche, maji ya kumwagilia na mtu wa kuilinda na mbuzi.

Mikumi

Kilomita sabini na ushei kusini, Mikumi ina historia fupi zaidi na inaweza kuelezwa upesi. Jina lake ni la mitende ya mikumi. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1964. Reli ya tawi ilishuka kutoka Kilosa kupita Mikumi hadi Kidatu kuelekea mashamba ya miwa ya Kilombero, lakini kilichoufanya mji ni barabara ya Zambia. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita kusini, na barabara ya mavumbi ikageuzwa lami. Malori yalihitaji mahali pa kulala kabla ya milima, na madereva walihitaji chakula.

Matokeo yake ni mji mrefu na mwembamba, nyumba mstari mmoja au miwili kila upande wa lami, na viwanja vya kuegeshea malori visivyo na mti hata mmoja kwa sababu mti huzuia lori kugeuka. Upande mmoja hifadhi haiwezi kusogezwa. Upande mwingine kuna milima. Mji ukikua, utajijaza ndani. Hapa kuna nafasi adimu kwa mtafiti: mstari wa lami na bati unaopakana na pori lisilojengwa, karibu kama maabara. Isipokuwa pori lenyewe huungua. Moto wa kila kiangazi huacha nyasi nyeusi, na nyasi nyeusi hunywa jua. Atakayelinganisha mji na hifadhi mwezi Septemba na atakayelinganisha mwezi Aprili watapata majibu yasiyofanana.

Kipimajoto kiko wapi

Modeli huthibitishwa kwa vipimo, na vipimo navyo vina historia. Wakati wa Wajerumani takwimu za hali ya hewa za koloni zilikusanywa vituoni, bomani na misheni, na kuchambuliwa na Hans Maurer. Waingereza waliunda idara ya pamoja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929 chini ya Albert Walter, aliyetoka Mauritius. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ilibaki na huduma yake yenyewe, ambayo mwaka 1999 ikawa wakala na sasa ni mamlaka. Kila mabadiliko ya taasisi ni mahali ambapo daftari huweza kukatika, kifaa hubadilishwa, au kibanda cha vipimajoto huhamishwa. Mstari unaopanda katika mchoro unaweza kuwa joto. Unaweza pia kuwa mti uliokatwa karibu na kibanda.

Kuna tatizo la ndani zaidi. Kanuni ya kimataifa inataka kipimajoto kiwe ndani ya kibanda cheupe chenye matundu, juu ya nyasi fupi, mbali na majengo. Kwa maneno mengine, kituo huwekwa makusudi kisiuone mji. Mahali ambapo vipimo vya muda mrefu vina mantiki katika wilaya hii ni kama Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza na pamba katika miaka ya 1940, na Ilonga ni shamba. Takwimu zake zina thamani kubwa kwa mkulima wa mahindi. Hazisemi chochote kuhusu chumba cha nyuma cha nyumba iliyo karibu na stesheni.

Setilaiti zimeonekana kuwa jibu, na kwa sehemu ni jibu kweli. Landsat imepiga picha za joto la uso wa dunia tangu miaka ya 1980, na picha hizo ni bure. Lakini hupita bonde hili kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kila setilaiti mara moja kila siku 16. Saa hiyo si ya hari kali wala si ya fukuto. Kuanzia Desemba hadi Machi, msimu wa joto zaidi, mawingu huficha picha nyingi, kwa hiyo hifadhidata inalijua vizuri joto la Julai. Tena setilaiti husoma joto la paa, si la hewa iliyo chini yake. Bati jipya linalong'aa linaweza kumdanganya mtafiti likaonekana baridi kuliko lilivyo. Data za modeli kubwa za dunia, kama ERA5, zina miraba ya takribani kilomita 31, na mraba mmoja unaweza kuwachanganya wakazi wa uwanda wa Kilosa na miteremko ya Ukaguru katika wastani usiowahusu wote wawili.

Kinachoweza kufanyika kwa gharama ndogo ni kuweka vipimajoto vidogo ndani ya nyumba: moja ya bati bila dari, moja yenye dari, moja ya nyasi iliyobaki, moja penye mwinuko na moja chini karibu na tuta, kwa mwaka mzima, na kuandika pembeni yake mwaka ambao kila paa liliwekwa na sababu yake. Hapo mwanahistoria na mwanamitindo watakuwa wanajaza daftari moja.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Morogoro hadi Makutupora ulisainiwa mwaka 2017, mahandaki yakachimbwa katika milima ya Kilosa, na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kupita kuelekea Dodoma. Stesheni mpya inavuta viwanja kama ile ya zamani ilivyovuta maduka. Mahali stesheni ilipokaa palichaguliwa tena na mteremko na mhandisi, lakini upana wa barabara zinazoizunguka, mwelekeo wake kwa upepo, na miti itakayosalia greda litakapopita ni mambo ambayo bado yamo mikononi mwa halmashauri.